UZI: Zikifa seli 92 kati ya 100, hizo nane zilizosalia ndizo zinazokuza sarkoma?

#1 BintiShela

Asalaam aleikum wanajukwaa. Nina swali na nitaomba mnivumilie, kwa sababu nimelibeba tangu mwezi uliopita.

Mtoto wa dadangu ana miaka 15. Mwaka jana goti la kushoto lilianza kumuuma, hasa usiku. Mchana anacheza mpira ufuoni maji yakipwa kama kawaida, usiku analia. Tuliambiwa ni maumivu ya kukua. Baadaye pakaota uvimbe juu kidogo ya goti, ngozi ikawa inang'aa na mishipa inaonekana. Mwisho wake, Nairobi, tukaambiwa ni sarkoma, yaani saratani ya mfupa au nyama; yake ni ya mfupa, ile inayoitwa osteosarkoma. Akapewa dawa za dripu kama wiki kumi, kisha wakakata mguu juu ya goti, kisha dawa tena.

Baada ya upasuaji tulipewa barua. Niliisoma ndani ya boti kutoka Mokowe, kwa taa ya simu. Iliandikwa kwamba seli za uvimbe zilizokufa kwa dawa ni asilimia 92. Daktari alifurahi, akasema ikifika 90 ni dalili njema. Dadangu naye alifurahi. Mimi nikabaki na zile nane. Kwa nini hazikufa? Nimesikia kwenye redio kwamba saratani ina seli chache zinazoisukuma, na nyingine ni wafuasi tu. Kama ni kweli, mbona wasizitafute hizo wakazimaliza, badala ya kumchoma mtoto dawa inayomtoa nywele na kumtapisha usiku kucha?

#2 Mkwezi_Mambrui

Pole sana dadangu. Allah amponye kijana.

Jibu langu ni fupi. Kichuguu ni malkia. Mchwa unaowaona juu ya ukuta ukiwapulizia dawa wanakufa maelfu, na baada ya wiki wamerudi, kwa sababu mama yao yuko chini anataga. Hizo nane ni malkia.

#3 Mwalimu_Bio

Waaleikum salaam. Nafundisha biolojia kidato cha tatu na nne hapa Malindi, si daktari, lakini jambo hili nimelisoma kwa miaka kadhaa kwa sababu binafsi.

Mkwezi amesema jambo lenye historia. Mwaka 1994 kundi la John Dick kule Toronto lilichukua seli za saratani ya damu na kuzipandikiza kwa panya waliodhoofishwa kinga. Wakakuta ni seli kama 1 katika kila 250,000 iliyoweza kuanzisha ugonjwa upya. Nyingine zote zilikuwa hai lakini hazikuwa na uwezo huo. Hapo ndipo wazo la seli shina za saratani lilipopata miguu. Baadaye likahamia kwenye matiti, kisha ubongo.

Kwenye sarkoma lilifika 2005. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichukua seli za sarkoma za mifupa, wakazilea kwenye majimaji ambamo haziwezi kushika chini ya chombo. Nyingi zilikufa. Chache zilielea, zikajigawa, zikafanya vidonge vya mviringo, na zilikuwa na alama za seli changa sana, zile ambazo bado hazijaamua kuwa mfupa au kitu kingine. 2007, Toronto tena, kundi la Benjamin Alman likatumia njia nyingine kwa sarkoma mbalimbali: wakaziloweka seli kwenye rangi. Nyingi zikashika rangi. Chache zikaitema. Zile zilizoitema ndizo zilizoota uvimbe kwa panya kwa urahisi zaidi.

#4 Nahodha_Matondoni

Mwalimu nieleze hapo kwenye rangi. Inatemwaje? Seli ina mdomo?

#5 Mwalimu_Bio

Nahodha, chombo chako kikivuja unafanyaje?

#6 Nahodha_Matondoni

Nashika upo nafua maji.

#7 Mwalimu_Bio

Basi ndiyo hivyo. Utando wa seli hizo una protini zinazofanya kazi ya upo. Rangi ikiingia inafuliwa nje. Na upo wa aina hiyo haubagui sana kinachofuliwa. Baadhi ya dawa za kemo, yaani hizo za dripu, nazo hutupwa nje vivyo hivyo. Ndiyo maana watu walifurahi sana kuona seli zinazotema rangi ndizo pia zinazoota uvimbe. Ilikuwa kama swali la BintiShela limejibiwa.

#8 Darubini

Nimefanya kazi ya maabara ya patholojia miaka 11, kukata vipande na kuvipaka rangi. Naomba kurekebisha mawili kabla hatujaenda mbali.

La kwanza, asilimia 92 haikuhesabiwa seli moja moja. Mfupa uliokatwa unapasuliwa kwa msumeno katikati kama unavyopasua papai, unapigwa picha, kisha ubapa mzima unagawanywa vipande vidogo kwa mpangilio. Kila kipande kinalainishwa kwa tindikali, kinatiwa kwenye nta, kinakatwa chembamba kuliko karatasi na kutazamwa. Mtaalamu anakadiria eneo gani ni wafu na eneo gani ni hai. Kwa hiyo nane ni makadirio ya eneo ambalo dawa haikulimaliza. Sababu zinaweza kuwa nyingi: damu haikufika vizuri pale, au seli za pale zilikuwa zimelala hazijigawanyi, na kemo hupiga zaidi kinachojigawa. Zilizobaki si lazima ziwe malkia. Zinaweza kuwa raia waliokuwa ndani ya nyumba wakati wa mvua.

La pili, hesabu ya 1 kwa 250,000 isichukuliwe kama sheria ya saratani zote. Mwaka 2008 kundi la Sean Morrison kule Michigan lilipima melanoma, saratani ya ngozi. Vipimo vya zamani vilionyesha seli inayoweza kuota ni kama 1 katika milioni. Wao wakatumia panya waliodhoofishwa kinga zaidi na wakabadili namna ya kupandikiza. Ikawa karibu 1 katika 4! Seli ni zile zile, shamba ndilo lililobadilika. Mbegu isiyoota kwenye mchanga wa Shela si lazima iwe mbegu mbovu.

#9 Mkwezi_Mambrui

Darubini, malkia akifa mara nyingi kichuguu kinakufa. Hilo hulipingi.

#10 Darubini

Silipingi kwa mchwa. Kwa saratani nalipinga, kwa sababu yapo mazingira ambapo askari wa kawaida hugeuka akawa malkia. Seli iliyokwisha kukomaa hurudi nyuma ikawa changa. Ukimuua malkia leo, kesho amevikwa mwingine taji.

#11 Nahodha_Matondoni

Hapo si mchwa tena, ni ndago. Unapalilia shamba, majani yote chini. Kile kibonge kidogo cheusi kimebaki udongoni. Ukilima kwa jembe unakikata vipande viwili, vyote viwili vinaota.

#12 MamaTwaha

Pole BintiShela, nimesoma kwa machozi. Mimi sijui seli. Najua mwanangu wa kwanza alivimba paja akiwa na miaka 9, na watu wazima wakasema ni kijicho, kwa sababu alikuwa ndiye anayekimbia kuliko wote madrasa. Tukampeleka kwa bibi mmoja anayekanda. Mafuta ya nazi yamepashwa moto, anaweka kidole gumba juu ya uvimbe anasukuma kuelekea chini, mtoto anashika shuka kwa meno. Siku saba asubuhi na jioni. Uvimbe ulipungua siku mbili kisha ukawa mkubwa mara mbili. Sisemi kukanda ndiko kulikomuua. Nasema hata leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi ya moto natoka nje.

#13 Muuguzi_wa_Zamu

Mama Twaha, Mungu akupe subira. Hukukosea, ulifanya ulichoambiwa na watu uliowaamini.

Nimekuwa wodini miaka 19, na hili nitalisema wazi kwa kila anayesoma. Uvimbe mgumu kwenye mfupa au nyama ya mtoto usikandwe, usichanjwe, usitobolewe na mtu yeyote kabla ya picha. Hata sisi wa hospitali hatupaswi kuukata ovyo: ile biopsi, yaani kutoa kipande cha kupima, ifanywe na timu itakayompasua baadaye au kwa kushauriana nayo, maana njia ya sindano nayo inabidi iondolewe wakati wa upasuaji. Nimeona uvimbe umepasuliwa kama jipu na mtu asiyefikiria sarkoma, seli zikatapakaa kwenye nyama nzima. Mtoto aliyekuwa wa kuokolewa mguu akakatwa.

Na BintiShela, maumivu ya usiku ya upande mmoja kwa kijana anayekua, yanayorudi kila siku, yanastahili eksirei. Najua utasema ungejua. Nawaandikia wengine.

#14 KijanaWaLangoni

Kuna yule daktari wa Uganda, Burkitt, aligundua sarkoma ya watoto wetu wa Afrika kwenye taya miaka ya hamsini, na ile ilikuwa inapona kwa kemo tu. Kwa nini ya mfupa isipone?

#15 Muuguzi_wa_Zamu

Kaka, Denis Burkitt mwenyewe aliiandika 1958 akiita sarkoma ya mataya, hapo hujakosea. Baadaye ikabainika ni limfoma, saratani ya seli za kinga, si ya mfupa wala nyama. Seli zake zinajigawa kwa kasi kubwa, ndiyo maana kemo inazifagia. Jina limebaki likitupotosha.

Sarkoma ya kwetu hasa ni ya Kaposi. Moritz Kaposi aliieleza Vienna 1872, kwa wazee. Ilikuwepo Afrika kabla ya Ukimwi, kisha Ukimwi ukaifanya mafuriko. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore wakapata kirusi chake, cha nane katika jamii ya herpesi za binadamu. Na hapa ndipo ninapotaka Mwalimu anisikilize: wagonjwa wangu wengi wenye mabaka ya Kaposi miguuni walianza ARV, kinga ikapanda, na mabaka yakafifia. Hatukuwinda seli yoyote. Tuliwarudishia askari wao. Waliokuwa na ugonjwa mzito walihitaji kemo pia, na utafiti uliofanywa nchi kadhaa ikiwemo Kenya, matokeo yakatoka 2020, ulionyesha paklitakseli pamoja na ARV inawafaa kuliko zile dawa nyingine zilizolinganishwa nayo. Lakini bila ARV ni kufua maji bila kuziba tundu.

Kwa hiyo mimi nasema: tatizo liko kwenye ulinzi wa mwili kuliko kwenye malkia.

#16 Mwalimu_Bio

Nakusikia Muuguzi, ila Kaposi ina kirusi. Osteosarkoma haina kirusi kinachojulikana. Usiipime kwa kibaba kile kile.

#17 KijanaWaLangoni

Shukran Muuguzi kwa marekebisho. Lakini sarkoma ya kuku ilikuwa na kirusi! Peyton Rous, New York, 1911. Alisaga uvimbe wa kuku, akauchuja kwa chujio lisilopitisha seli hata moja, akamdunga kuku mwingine, akapata uvimbe. Walimpuuza. Akapewa Nobel 1966, amekuwa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Na ndani ya kirusi kile ndimo ilimopatikana jeni ya src, ambayo Bishop na Varmus walionyesha asili yake ni jeni ya kawaida ya kuku mwenyewe.

#18 Mkwezi_Mambrui

Langoni leo mmeamka na kuku 😄

#19 Shaib_Pate

Assalaam. Mimi ni mzee, mato yangu hayaoni vizuri, anisomeaye ni mjukuu na yeye ndiye aandikaye.

Ndugu yangu wa Mombasa alikuwa na uvimbe tumboni, kwenye ukuta wa utumbo. Wakauita sarkoma ya tumbo, jina refu. Hakupewa dripu. Alipewa kidonge kimoja kwa siku. Mwaka wa sita huu, avua na ala kama sisi. Akaambiwa uvimbe wake una kufuli moja, na kidonge ni ufunguo. Sasa mbona uvimbe wa mwana huyu hauna ufunguo?

#20 Mwalimu_Bio

Shikamoo mzee wangu. (Wa Malindi wenzangu, "mato" ni macho, msije mkamtafutia dawa ya kitu kingine.)

Wa ndugu yako nadhani ni ule unaofupishwa GIST. Mwaka 1998 Wajapani waligundua kwamba nyingi ya sarkoma hizo zina kasoro kwenye jeni ya KIT, yaani swichi ya kukua imekwama ikiwa imewashwa. Dawa ya imatinibu ilikuwa imetengenezwa kwa saratani ya damu, na ikaonekana inaizima swichi hiyo pia. Mgonjwa wa kwanza wa GIST alipewa Finland mwaka 2000. Hapo hakuna haja ya kumtafuta malkia, maana swichi ile ile iko kwenye seli zote za uvimbe. Osteosarkoma ni kinyume chake: vinasaba vimevunjika-vunjika na kuungwa ovyo, kila mgonjwa na vurugu zake. Hakuna kufuli moja.

#21 Darubini

Niongeze kwa heshima, mzee wangu: ndugu yako asiache kidonge hata akijiona mzima. Ufaransa waliwahi kuwasimamisha dawa baadhi ya wagonjwa wa namna yake waliokuwa wametulia, na kwa wengi ugonjwa ukaamka. Maana yake hata ufunguo unaofaa unazilaza seli nyingi na kuziacha zikipumua. Nani hao waliolala? Tumerudi kwenye swali la BintiShela.

#22 Shaib_Pate

Nimesikia. Nitampigia simu usiku huu.

#23 Darubini

Sasa niwape kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi yangu, kwa sababu kinaonyesha jinsi jicho linavyodanganywa.

Kuna uvimbe wa mfupa, huota karibu na goti kwa vijana wa miaka 20 hadi 40. Ukiuweka chini ya darubini unaona seli kubwa ajabu, moja ina viini hamsini, hata mia. Majitu. Uvimbe ukapewa jina lao: uvimbe wa seli majitu. Kila mwanafunzi akiutazama anaonyesha kidole kwenye jitu anasema "huyu ndiye mwovu." Mimi pia nilisema hivyo siku ya kwanza.

Mwovu hakuwa jitu. Kati ya majitu kuna seli ndogo za kawaida, nyembamba, ambazo jicho linazipita. Hizo ndizo zenye kasoro ya jeni, na hizo ndizo zinazotoa protini inayoita seli za damu zije ziungane ziwe majitu yanayokula mfupa. Ikatengenezwa kingamwili, denosumabu, inayofunga ule wito. Ikaruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huu 2013. Ukimpa mgonjwa, majitu yanatoweka, mfupa unakuwa mgumu, maumivu yanapungua, na picha inapendeza. Lakini seli ndogo ziko pale pale, zimenyamaza. Dawa ikisimamishwa uvimbe unaweza kurudi. Tuliua watumishi tukamwacha bwana.

Uvimbe huo kwa kawaida si saratani na si wa kijana wetu. Ila kila mtu anaponiambia "zimepatikana seli zinazoongoza," nakumbuka yale majitu.

#24 Nahodha_Matondoni

Hii imenikaa. Kwenye jarife ukimwona papa amekwama unadhani ndiye aliyechana wavu, kumbe wavu ulichanwa jana na mwamba.

Mwalimu, kijana wangu anasema wapo samaki wanaopewa sarkoma maabara. Kweli?

#25 Mwalimu_Bio

Kweli kabisa. Ni wadogo, urefu wa kidole, wana milia, asili yao mito ya Asia Kusini. Wakiwa wachanga miili yao inapitisha mwanga, na kuna aina iliyozalishwa ibaki hivyo hata ukubwani, kwa hiyo unaona uvimbe ukikua bila kumpasua samaki. Kundi la David Langenau kule Boston liliwatia samaki hao rabdomiosarkoma, ile sarkoma ya misuli inayowapata watoto wadogo, na wakazipaka seli rangi zinazong'aa kulingana na hatua yake ya ukuaji. Wakakuta seli changa za misuli ndizo zinazoota uvimbe mpya zikihamishwa. Lakini hapa ndipo patamu: waliotangulia kuhama, kuingia sehemu mpya ya mwili, walikuwa ni seli zilizokomaa zaidi, zile zisizoweza kuota. Seli zenye uwezo zilifuata baadaye.

#26 Nahodha_Matondoni

Yaani wanatuma mashua ndogo kwanza ipime kina, jahazi lije nyuma.

#27 Mwalimu_Bio

Andika hiyo Nahodha, nitaitumia darasani.

#28 Mkwezi_Mambrui

Kwa hiyo Mwalimu umekubali yupo malkia. Seli changa ndizo zinazoota.

#29 Mwalimu_Bio

Kwa samaki na kwa aina ile, ndiyo. Sarkoma ziko aina zaidi ya 70, Mkwezi. Sarkoma ya Ewing kwa mfano: kasoro yake ni jeni mbili zilizounganishwa kimakosa, na muunganiko uko kwenye kila seli ya uvimbe. Sasa Wafaransa walionyesha 2017 kwamba kiwango cha protini ya muunganiko huo hupanda na kushuka. Ikiwa juu seli inajigawa, ikiwa chini seli inalegea na kuhama. Seli ile ile! Leo mkulima, kesho msafiri. Utamkamata vipi kwa sare?

Na kuna kazi ya 2019 ya Chuo Kikuu cha Duke, Alman alikuwa amehamia huko. Walitia alama seli za sarkoma kwenye panya, rangi tofauti kwa kila ukoo, wakaangalia. Uvimbe ulivyokua, koo zilipungua, chache zikatawala. Walipoukata au kuupiga mionzi ukarudi pale pale, waliorudi walikuwa koo nyingi. Lakini uliofika mapafuni na kukomaa ulitokana na ukoo mmoja. Sasa nani malkia? Wa gotini au wa mapafuni?

#30 Muuguzi_wa_Zamu

Mapafuni ndiko kunakoua. Hilo niseme kama mtu wa wodi. Osteosarkoma ya mguu haiui kwa mguu.

#31 MamaTwaha

Ndivyo ilivyokuwa.

#32 KijanaWaLangoni

Samahani kwa ujinga, lakini si waongeze dawa tu? Waliosalia wakapigwa na dawa tofauti.

#33 Darubini

Si ujinga, madaktari wenyewe walifikiri hivyo na wakapima. Jaribio kubwa la nchi 17, wagonjwa 2,260. Waliobaki na seli hai nyingi baada ya kemo ya kwanza wakagawanywa: kundi moja likaendelea na dawa zile tatu, doksorubisini, sisplatini na methotreksati, kundi lingine likaongezewa mbili. Matokeo yalitoka 2016. Walioongezewa hawakupata nafuu zaidi, walipata madhara zaidi.

Na dawa ya kulenga nayo ina kisa chake. Olaratumabu iliruhusiwa 2016 kwa sarkoma za nyama laini baada ya jaribio dogo la watu 133 kuonyesha wanaishi karibu mwaka mmoja zaidi. Watu wakalia kwa furaha. Jaribio kubwa, watu 509, likaonyesha 2019 kwamba haikuongeza kitu. Ikaondolewa.

Kwa upande mwingine kemo ile aliyoichoka BintiShela ndiyo iliyobadilisha dunia. Kabla ya miaka ya sabini, mguu ulikatwa na bado karibu wanne kati ya watano walikufa. Leo, penye huduma kamili na ugonjwa ukiwa haujasambaa, wanaopona ni zaidi ya nusu, wanafikia hata 6 au 7 kati ya 10. Hakuna aliyejua malkia ni nani.

#34 Muuguzi_wa_Zamu

Msisahau ya Agosti 2024. Marekani imeruhusu tiba ya seli za kinga za mgonjwa mwenyewe kwa sarkoma ya sinovia, mojawapo ya zile za nyama laini. Zinatolewa, zinafundishwa kuitambua protini ya MAGE-A4, zinarudishwa. Takriban wagonjwa 4 kati ya 10 uvimbe ulipungua. Inahitaji mgonjwa awe na aina maalumu ya tishu, na uvimbe wenye protini hiyo. Ni askari tena! Narudi pale pale nilipoanzia.

#35 Mkwezi_Mambrui

Nanyi kila mmoja anarudi kwake. Mimi mnazi ukishambuliwa na chonga, yule mdudu wa minazi, sihangaiki na makuti. Naingiza waya kwenye shina changa la kati, namchomoa. Nikikosa pale mnazi umekufa hata makuti yakiwa kijani. Pale katikati ndipo pa kutafuta, hata muite seli shina, muite nini.

#36 Darubini

Chonga unamwona tundu lake, Mkwezi. Mimi nipe tundu.

#37 BintiShela

Nimesoma yote, mengine mara tatu. Ahsanteni. Sikupata jibu moja, lakini sasa najua kwa nini daktari alinyamaza nilipomuuliza. Nilidhani ananificha.

Nina maswali mawili ya kweli. Je, kuna la kufanya na ule mfupa uliokatwa? Na pili, si la saratani: magongo yanazama mchangani. Anataka kwenda ufuoni na wenzake, hatua tatu yameingia hadi nusu. Juzi alikaa kwenye ukuta akawatazama mpaka magharibi.

#38 Darubini

La kwanza nakujibu mimi. Vile vibonge vya nta vyenye vipande vya mfupa wake havitupwi, vinahifadhiwa miaka. Kila kimoja kina namba. Iombe namba hiyo pamoja na nakala ya ripoti yote, si ile barua ya ukurasa mmoja, uiweke nyumbani mahali pasipoingia chumvi. Siku ikija dawa inayohitaji kujua kama uvimbe una alama fulani, wataanzia kwenye kibonge kile. Nimeona familia zimekosa kwa sababu hakuna aliyeandika namba.

#39 Muuguzi_wa_Zamu

Na eksirei au CT ya kifua kwa ratiba mliyopewa, hata akiwa anaimba na kucheka. Ikionekana doa dogo mapema, linaweza kukatwa na mtu akaendelea kuishi.

#40 Nahodha_Matondoni

La pili ni langu. Nipe kipimo cha ncha ya gongo, upana wake tu, kwa uzi. Nitachonga visahani viwili vya mbao ya mwembe, upana wa kiganja, chini mviringo kidogo kama tako la mashua visikwame. Fundi wetu anamalizia jahazi wiki hii, vipande vimejaa. Tuma uzi kwa boti ya asubuhi, mpe yeyote anayekuja Matondoni amtaje nahodha.

#41 Shaib_Pate

Ndugu yangu amesema hajaacha kidonge na hataacha. Nawe Nahodha, uvitoboe kati, mchanga upate kupita.

#42 Mkwezi_Mambrui

Nahodha, nalipia mafuta ya kuzuia maji. Usikatae.

#43 BintiShela

Wiki tatu zimepita, narudi kuwaeleza.

Namba ya kibonge nimeipata. Nilipiga simu mara nne, ya tano dada mmoja wa maabara akanisomea taratibu tarakimu moja moja, nikaiandika nyuma ya kadi ya kliniki na ndani ya jalada la msahafu wa mama.

Visahani vilifika Ijumaa. Amevitoboa kama alivyosema mzee Shaib. Kijana amesimama golini Jumamosi na Jumapili yote. Kile cha kulia kimelegea kidogo, Nahodha, kinataka msumari mwingine au kamba. Tutakileta tukirudi. Jumatatu tunapanda boti ya saa kumi na mbili asubuhi, picha ya kifua ni Jumanne.

#44 Nahodha_Matondoni

Usikilete. Nakuja mimi Jumapili na nyundo.

#45 MamaTwaha

Jumanne nitakuwa nimeamka tangu alfajiri. Ukipata majibu niandikie hata kama ni usiku.